Alama ya Kuuliza Tuliyoifuta

Makala ya Erasto Mpemba na Denis Osborne inaitwa "Cool?". Ilitoka mwaka 1969 katika jarida la Uingereza la Physics Education. Kabla hatujaenda mbali, msomaji, naomba uitazame hiyo alama ya kuuliza, kwa sababu sisi waandishi wa habari wa nchi hii tumeifuta, na mimi ni mmoja wa wafutaji. Miaka kadhaa nyuma niliandika habari ya nusu ukurasa juu ya Mpemba. Kichwa chake kiliishia na alama ya mshangao. Siku ya pili yake nikapigiwa simu na mwalimu mmoja mstaafu wa fizikia anayeishi Mbagala.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Umeandika maji ya moto yanaganda haraka kuliko ya baridi."

"Ndiyo, mwalimu."

"Umejaribu?"

Nikanyamaza. Kiukweli sikuwa nimejaribu, na kibaya zaidi, hata hiyo makala yenyewe sikuwa nimeisoma. Nilikuwa nimesoma muhtasari wa mtu aliyesoma muhtasari wa mtu mwingine. Mwalimu hakugomba. Aliniambia tu, "Jaribu basi, mwanangu, halafu tuongee," akaniulizia hali ya nyumbani, akakata.

Nimekuja kuisoma baadaye, nikiwa nimeshachelewa, na ninachotaka kusema hapa ni kwamba tumeiweka kwenye rafu isiyo yake. Tunaitaja kama ugunduzi, tunaitaja kama fahari ya taifa, lakini kama maandishi hatuisomi. Na ni maandishi mazuri hasa.

Ina sehemu mbili na sauti mbili. Ya kwanza ni ya Mpemba, nafsi ya kwanza, kijana anasimulia. Mwaka 1963 yuko kidato cha tatu, Shule ya Sekondari Magamba, kule Lushoto. Wanafunzi wana mtindo wa kujitengenezea aisikrimu: unachemsha maziwa, unatia sukari, unasubiri yapoe, ndipo unaweka kwenye friji. Nafasi ndani ya friji ni chache na watoto ni wengi. Siku moja mwenzake mmoja, akiona nafasi zinaisha, anachanganya maziwa na sukari bila hata kuyachemsha na kuyawahisha ndani. Mpemba anajua akisubiri yake yapoe atakosa. Anaamua kuyaweka ya moto, na anatwambia wazi kwamba alijua anaweza kuliharibu friji. Baada ya saa moja na nusu wanarudi kuangalia. Ya Mpemba yameganda, ya mwenzake bado ni uji.

Hebu ona kisa kinavyoanza. Hakuna mtu aliyekaa akawaza juu ya maumbile. Kuna msongamano, kuna kuwahi, kuna ulafi wa kawaida wa wanafunzi wa bweni. Yeyote aliyesoma bweni anaijua hiyo hali. Mwandishi wa kawaida angeiruka ili afike haraka kwenye "sayansi". Mpemba hakuiruka, na ndiyo maana tunamwamini.

Anamuuliza mwalimu wake. Mwalimu anamjibu kuwa amechanganyikiwa, haiwezekani. Mpemba analimeza. Halafu anakutana na rafiki yake anayetengeneza na kuuza aisikrimu mjini Tanga, naye anamwambia ndivyo wafanyavyo siku zote, wanaweka ya moto ili yawahi kuganda. Sehemu hii huwa inaachwa kwenye masimulizi yetu, na kwangu mimi ndiyo kiini chake. Wauza aisikrimu wa Tanga walikuwa wanajua. Mpemba hajidai kwamba yeye ndiye wa kwanza. (Na kweli hakuwa wa kwanza, Aristotle aliligusa jambo hilo zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita, na Bacon na Descartes wakalirudia.) Alichofanya ni kulibeba swali kutoka mtaani hadi mahali ambapo lilikuwa halitakiwi.

Akiwa Mkwawa, Iringa, darasa linafundishwa kanuni ya Newton ya kupoa. Anauliza tena. Safari hii mwalimu anamaliza ubishi kwa kusema kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, siyo fizikia ya ulimwengu. Darasa likalidaka. Kuanzia hapo kila akikosea hesabu, wanaimba kwamba hiyo ni hesabu ya Mpemba. Anasimulia haya bila kujihurumia hata chembe, kama mtu anayekueleza njia ya kwenda sokoni. Halafu siku moja mlango wa maabara ya biolojia uko wazi na hakuna mwalimu, anaingia, anachukua vikombe viwili, kimoja cha maji ya bomba na kimoja cha maji ya moto, anavitia kwenye friza. Baada ya saa moja havijaganda vyote, lakini kile kilichoanza kikiwa cha moto kina barafu zaidi.

Ndipo anakuja mgeni kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Dk. Osborne, kuzungumza na wanafunzi. Mpemba ananyanyua mkono na kuuliza mbele ya watu wote. Wenzake wanamwona anawatia aibu. Mgeni anatabasamu, anaomba arudie, halafu anaahidi kwamba akirudi Dar atajaribu.

Sehemu ya pili ni ya Osborne, na lugha inabadilika kabisa. Sentensi zinapoa. Sasa kuna bika, vipimo, grafu. Anakiri kwamba hakuamini. Anasimulia, kwa ucheshi mkavu, jinsi fundi wake wa maabara alivyorudi na jibu kwamba maji ya moto yaliganda kwanza, na akaahidi wataendelea kurudia mpaka wapate jibu sahihi. Kisha Osborne anatafuta sababu. Mvuke unaopotea hautoshi kueleza. Ukiweka utando wa mafuta juu ya maji, kuganda kunachelewa sana, kwa hiyo joto linatokea zaidi juu. Labda ni mizunguko ya maji ndani ya chombo. Labda. Anaishia kwenye labda, na juu ya yote, kwenye kichwa cha habari, iko ile alama ya kuuliza.

Kama unaniuliza nani kati yao ni mwandishi bora, ni Mpemba, wala si kwa mbali kidogo. Lakini makala isingekuwa na nguvu kwa sauti moja. Hilo nitalirudia, kwa sababu nililielewa baada ya kusoma habari za maabara moja ya Austria. Kwanza nimalize deni la mwalimu.

Jirani yangu anauza barafu za ubuyu na za maziwa, zile za kwenye vifuko. Nilimwomba kona ya friza yake. Nikaweka vikombe viwili vya bati vinavyofanana, maji sawasawa, kimoja ya bomba na kimoja ya kuchemka. Mara ya kwanza cha moto kiliwahi. Nikafurahi, nikataka kumpigia mwalimu palepale. Mara ya pili cha baridi kiliwahi. Mara ya tatu sikuweza kusema, kwa sababu nilikuwa nafungua mlango kila dakika kumi kuchungulia, na kila nikifungua, joto la Dar linaingia kusalimia. Mara ya nne umeme ulikatika. Jirani akanitazama akasema, "Baba, barafu haitaki kuangaliwaangaliwa."

Sikucheka siku ile, ila ana haki. Mwaka 2016 watafiti wawili wa Uingereza, Henry Burridge na Paul Linden, walichapisha uchunguzi wao wa jambo hilihili la maji ya moto na baridi. Hawakupata ushahidi wa kuridhisha. Walionyesha kwamba ukisogeza kipimajoto juu au chini kwa sentimita moja tu ndani ya chombo, unaweza kujitengenezea ushindi wa maji ya moto bila kukusudia. Wengine wamepinga, ubishi haujaisha. Kwa ufupi, baada ya zaidi ya miaka hamsini, alama ya kuuliza ya mwaka 1969 bado iko palepale ilipowekwa. Wao waliiacha. Sisi tuliifuta.

Sasa twende Austria. Julai 2024 kundi la wanafizikia lilitangaza kwamba limeiona "athari ya Mpemba ya kwantamu" katika maabara ya Innsbruck. Nilipoiona habari hiyo kwenye simu nikiwa ndani ya daladala, maeneo ya Mtoni kwa Azizi Ali, nilitaka kusimama nitangaze. Magazeti kadhaa ya mtandaoni nayo yalikuwa mbioni, Mpemba athibitishwa, na alama za mshangao tele. Safari hii nikajizuia. Nikasoma kwanza.

Ili tuelewane inabidi tupitie neno supaposisheni, neno ambalo sisi wapenzi wa fasihi tumelitendea vibaya kuliko neno lolote la sayansi. Kwenye kundi letu la wasomaji, kila zikitajwa Nagona (1990) na Mzingile (1991) za Kezilahabi, lazima atokee mtu aseme, "Hapa mhusika ni kama paka wa Schrödinger, yuko hai na amekufa." Na wote tunaitikia kwa kutuma vidole gumba. Nimeshafanya hivyo mwenyewe. Lakini Erwin Schrödinger alipomleta huyo paka mwaka 1935 hakuwa anasifia fumbo. Alikuwa analalamika. Alikuwa anawaambia wenzake: angalieni hesabu zetu zinatufikisha kwenye upuuzi gani zikipelekwa kwenye kitu kikubwa kama paka.

Na utata siyo supaposisheni. Kama sijui daladala la Rangi Tatu limeshapita au bado, hilo ni suala la mimi kutojua. Daladala lenyewe lipo mahali pamoja. Riwaya isiyotuambia kama mhusika amekufa, mara nyingi iko hapo. Supaposisheni inadai zaidi, na inadai ushahidi.

Chukulia Uwanja wa Benjamin Mkapa pale Temeke siku ya mechi, na tuseme watu wanaingia mmoja mmoja. Geti la kwanza likiwa wazi peke yake, wapo wanaofika jukwaa fulani. Geti la pili peke yake, vilevile wapo wanaofika. Fungua yote mawili, kila mwenye akili atasema jukwaa lile litajaa maradufu. Sasa chukulia linabaki tupu. Halikai mtu, mechi baada ya mechi, na ukifunga geti moja watu wanaanza tena kufika. Elektroni zinafanya hivyo. Njia mbili zimekutana na kufutana. Hakuna aliyewahi kumwona mtu mmoja akipita mageti mawili, na ukiweka mlinzi wa kuangalia kila mmoja amepita geti gani, jukwaa linajaa kama kawaida na muujiza umekwisha. Unachokiona ni jukwaa tupu. Ndiyo ushahidi wenyewe: kitu ambacho kimekosekana mahali kilipotakiwa kuwapo.

Kwa vitu vidogo hilo lilishazoeleka. Kazi iko kwa vikubwa. Mwaka 1999, Vienna, kundi la Anton Zeilinger na Markus Arndt walilionyesha kwa molekuli za atomu 60 za kaboni, zenye umbo la mpira wa miguu. Kufikia 2019 kundi la Arndt lilikuwa limefika kwenye molekuli za hadi atomu 2,000 hivi, zenye uzito unaozidi ule wa atomu 25,000 za haidrojeni. Mwaka 2023 huko Zürich, watafiti walichukua kipande cha fuwele ya yakuti chenye mikrogramu 16, wakakifanya kitetemeke namna mbili zinazopingana kwa wakati mmoja, wakakisoma kwa kisakiti cha umeme walichokiunganisha nacho. Mikrogramu 16 ni kama chembe laini ya mchanga. Umbali wenyewe wa kutetemeka, lakini, ni mdogo kuliko atomu moja. Kwa hiyo paka wa kweli yuko mbali bado, atulie.

Kwa nini vikubwa vinasumbua? Kwa sababu ya majirani. Elektroni peke yake ni mtu anayeishi porini. Chembe ya mchanga ni mpangaji wa nyumba ya vyumba sita na korido moja, choo cha pamoja. Hewa inaigonga, joto lake lenyewe linatoka kama mwanga usioonekana, na kila kinachogonga au kutoka kinaondoka na habari za imepita wapi. Siri ikishavuja, jukwaa linajaa. Hakuhitajiki hata binadamu wa kuchungulia. Ndiyo maana maabara hizo zinaondoa hewa, na nyingi zinapoza vifaa vyao karibu na mwisho wa baridi. Jirani yangu wa barafu hakukosea sana.

Innsbruck walifanya nini? Walikuwa na ioni 12 za kalsiamu, zimepangwa mstari, zimeshikwa kwa nguvu za umeme na kuongozwa kwa leza. Kila ioni ichukulie kama sindano inayoweza kuelekea juu au chini. Ukiiinamisha, inakuwa juu na chini kwa pamoja; hiyo ndiyo supaposisheni yake. Ukiziinamisha zote, kundi zima linakuwa mchanganyiko wa namna hiyo: kwa pamoja ni kundi lenye sindano tano za juu, na sita, na saba, na kadhalika. Kumi na mbili si kitu kikubwa, ila ni kundi, na kundi lina majirani wa ndani. Wakaziacha zivutane, halafu wakachunguza chache tu kati yao. Katika hizo chache, dalili za ule mchanganyiko zinafifia kadiri muda unavyokwenda, na ulinganifu unarudi. Hapo ndipo kioja kilipo. Kundi lililoinamishwa zaidi, lililoanza mbali zaidi na ulinganifu, ndilo lililorudi mapema. Wanahesabu wa Trieste, Italia, akina Filiberto Ares, Sara Murciano na Pasquale Calabrese, walishalitabiri kwenye karatasi mwaka 2023.

Aliyeanza mbali kafika mapema. Unaona? Hakuna maziwa hapo. Hakuna friza wala sukari, na kinachopungua si joto. Kwa hiyo maabara ile haikuthibitisha aisikrimu ya Magamba, na yeyote anayekuandikia hivyo anakudanganya, kama nilivyowahi kukudanganya mimi. Walichokopa wanafizikia ni msuko. Walikuwa na jambo lisilo na jina, wakatafuta kisa kinachokwenda hivyohivyo, wakakikuta kwa mwanafunzi wa kidato cha tatu. Hiyo ni kazi ya fasihi. Hivyo ndivyo Sungura na Fisi wanavyofanya kazi: hakuna anayewasimulia ili kujifunza tabia za wanyama.

Na hapa namrudia Mpemba na Osborne. Soma sehemu ya Mpemba peke yake: unaondoka na uhakika, kijana alisema kweli, walimu wakamdhulumu. Soma ya Osborne peke yake: unaondoka na uhakika wa aina nyingine, vipimo hivi, grafu hii. Soma zote mbili pamoja, na mahali fulani uhakika unatoweka. Unatoweka mahali pamoja tu, kwenye swali la kwa nini. Sauti mbili zimekutana, na jukwaa la katikati limebaki tupu. Najua ni mfano tu na una mpaka wake; makala haiko maabara. Lakini kama tunataka kuendelea kulitumia neno supaposisheni kwenye uhakiki, basi kipimo chetu kiwe hicho. Masimulizi kuwa na njia mbili hakutoshi. Tuulize njia hizo zimefuta nini kwa kukutana, kitu ambacho kila moja peke yake ingekiacha. Riwaya nyingi tunazozisifu kwa "utata wa kwantamu" zitaanguka mtihani huo. Tuziache zianguke, zina sifa nyingine.

Kuna jambo linaniuma hapa, na si la fizikia. Tulipomgeuza Mpemba kuwa shujaa aliyewashinda walimu, tulimrudishia ile kejeli ya darasani tukiwa tumeipaka rangi nzuri. Wao walisema fizikia ya Mpemba wakimaanisha yake peke yake. Sisi tunasema fizikia ya Mpemba tukimaanisha yetu peke yetu, ya kujivunia, isiyoguswa, na anayeuliza kuhusu kipimajoto anaonekana msaliti. Yeye mwenyewe hakuomba aaminiwe. Aliomba jambo lijaribiwe, mara mbili kwa walimu wake na mara ya tatu mbele ya mgeni. Kiukweli nadhani watu wa Innsbruck, waliorudia vipimo vyao mara nyingi kabla ya kusema neno, wamemsoma vizuri kuliko gazeti langu.

Makala yake imeandikwa kwa Kiingereza, Kiingereza cha shule, kilichonyooka. Nimeanza kuihamishia Kiswahili kwa ajili ya darasa la mtoto wa dada yangu huko Tandika. Nimekwama kwenye kichwa cha habari. "Baridi?" haitoshi, "Poa?" inachekesha kidogo ingawa iko karibu zaidi, maana neno la Kiingereza nalo linacheza hivyohivyo kati ya ubaridi na sifa. Nimeandika "Poa?" kwa penseli.

Mwalimu nilimpigia wiki iliyopita. Nikamweleza: moja imekubali, moja imekataa, moja nimeiharibu kwa kuchungulia, moja umeme. Akaniuliza vikombe niliviweka juu ya nini. Nikasema juu ya barafu iliyojijenga kwenye sakafu ya friza. Akacheka sana. "Cha moto kimeyeyusha barafu kikajikalia vizuri, cha baridi kimeelea juu ya theluji kama godoro," akasema. "Kausha friza, mwanangu. Anza upya."

Jirani amekubali, lakini Jumapili tu, baada ya wateja wa mchana.